Bei ya Mgeni Anayekaa: Haki ya Kununua na Kuuza katika Masoko ya Simiyu

Swali la muuzaji ana deni gani kwa mnunuzi asiyejua bei ni la kale katika elimu ya maadili, yaani tawi la falsafa linalochunguza wema na ubaya wa matendo ya watu, na katika mkoa wa Simiyu huulizwa upya kila soko linapofunguliwa. Mkoa huu, uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na kupewa makao makuu mjini Bariadi, hulishwa na masoko na minada ambamo bidhaa nyingi za chakula hazibandikwi bei: nyanya na dagaa hupangwa mafungu, dengu na choroko hupimwa kwa sado, yaani ndoo ya rangi ya lita nne iliyogeuzwa kuwa kipimo, na michembe, ambayo ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani, hutolewa guniani kwa kopo au kwa debe. Bei hutamkwa, hukataliwa, hupunguzwa, kisha hukubaliwa. Mwenyeji huingia katika mazungumzo hayo akiwa na bei ya jana na ya juzi kichwani, ilhali mgeni huingia na fedha zake tu. Na hapo ndipo tatizo linapozaliwa, kwa kuwa muuzaji anayemtajia mgeni bei mara mbili ya ile aliyomtajia jirani hajasema uongo wowote, ametaja tu anachotaka alipwe, na bado dhamiri haitulii.

Wageni hao si wa aina moja. Yupo mtalii anayepita Lamadi, wilayani Busega, akielekea lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, ambaye hununua maji na ndizi na pengine hatarudi tena. Wapo mafundi wa Kichina waliokuja na ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, inayopita Malampaka wilayani Maswa. Na yupo mwalimu wa kigeni, ambaye ndiye anayelifanya swali hili liwe zito kuliko wote. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea vijana wa Peace Corps, shirika la kujitolea la serikali ya Marekani, mwaka 1961. Shughuli zao zilikoma mwaka 1969, zikaanza tena mwaka 1979, na mpango wa namna hiyo humleta mwalimu shuleni kwa takriban miaka miwili, akiwa na posho ya kujikimu iliyokusudiwa kumweka karibu na maisha ya majirani zake. Mtu kama huyo hapiti. Atahitaji unga, mkaa, vitunguu na sabuni wiki baada ya wiki, kutoka kwa wauzaji wale wale, ambao huenda watoto wao wanakaa mbele yake darasani. Hata mwalimu Mtanzania aliyezaliwa Kagera au Mtwara akapangiwa wilaya ya Meatu huonja sehemu ya hali hiyo, kwani asipoweza kujibu salamu ya Kisukuma huwa amekwisha jitangaza kabla hajauliza bei.

Maandiko ya dini yaliitambua tofauti hii kati ya mgeni anayepita na mgeni anayekaa, na si mara zote kwa namna inayompendeza msomaji wa leo. Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 23, inaruhusu mgeni wa taifa jingine atozwe riba huku ikikataza kumtoza ndugu, na katika sura ya 14 inaruhusu nyamafu, ambayo wenyeji hawali, auziwe mtu wa nje. Mambo ya Walawi, sura ya 19, inakwenda mbali zaidi: inamwagiza mwenyeji ampende mgeni anayekaa naye kama nafsi yake, kwa hoja kwamba Waisraeli wenyewe waliwahi kuwa wageni Misri, na mara baada ya agizo hilo, katika aya ya 35 na ya 36, inadai mizani ya haki na vipimo vya haki. Mpangilio huo unastahili kuzingatiwa zaidi ya unavyozingatiwa mimbarani, kwa sababu unaufikisha upendo kwa mgeni hadi kwenye jiwe la kupimia. Kurani nayo, katika sura ya 83, inawakemea wale wanaodai kipimo kamili wanapopokea na kupunja wanapotoa. Katika jambo la kipimo, basi, hakuna mjadala: kopo lililobonyezwa kitako ni wizi, mnunuzi awe shemeji wa muuzaji au mwalimu kutoka Ohio.

Bei ni jambo gumu zaidi, kwa kuwa kilo ni ile ile kwa kila mtu, lakini thamani hutegemea mvua, msimu na haja. Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, alifundisha kwamba kutumia hila ili kuuza kitu kwa zaidi ya bei yake ya haki ni dhambi. Hata hivyo aliona kwamba mfanyabiashara aliyepeleka ngano mahali penye uhaba halazimiki kuwaambia wanunuzi kwamba shehena nyingine ziko njiani, ingawa akisema atakuwa ametenda wema mkubwa zaidi. Wanazuoni wa fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, walilijadili jambo hilo hilo chini ya jina la ghabni, ambayo ni hasara anayopata mtu kwa kununua mbali sana juu ya thamani. Madhehebu ya Hanbali humpa haki ya kuvunja mauziano mnunuzi asiyejua thamani wala kupatana bei, aliyejikabidhi kwa muuzaji. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, hayatoi haki hiyo pasipo udanganyifu, kwa kuwa mnunuzi alipaswa kuuliza kwanza. Msimamo wa Kishafii una heshima yake, maana unamhesabu mnunuzi kuwa mtu mzima mwenye akili timamu, lakini unachukulia kwamba kuuliza kunawezekana, na mgeni wa wiki ya kwanza katika soko la Bariadi hajui amuulize nani wala kwa lugha gani. Wahanbali ndio walioligusa jambo lenyewe. Kupatana bei kati ya wajuzi wawili ni mashindano halali, na mwenye ulimi mwepesi hana kosa akishinda. Ila mnunuzi anaposema, kwa maneno au kwa hali yake yote, kwamba hajui na anamwachia muuzaji ataje bei ya kawaida, mashindano yamekwisha na amana imeanza, na anayepandisha bei baada ya hapo amekula amana.

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Prussia, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, alitoa mfano wa mwenye duka anayemwekea kila mtu bei moja, hata mtoto akanunua sawa na mtu mzima, akasema kwamba tendo hilo ni sahihi lakini huenda limetokana na hesabu ya faida tu. Manufaa ya bei moja kwa mgeni yanaonekana hata nje ya Simiyu: Mtanzania anayefundisha Kiswahili Beijing, ambako lugha hii imekuwa ikifundishwa vyuoni tangu miaka ya 1960, au kijana wa Afrika Mashariki anayefundisha Kiingereza Guangzhou, hununua mengi katika maduka yenye bei zilizobandikwa na hulipa kwa simu, hivyo kutojua lugha hakumgharimu sana; akiingia katika soko la mboga au la nguo ambako bei bado hutamkwa, yuko pale pale alipo Mmarekani wa Bariadi. Bei iliyoandikwa humlinda mgeni bila kumtaka muuzaji awe mwema. Hiyo ni faida kubwa isiyopaswa kubezwa, ingawa mwenye kuilinda haki kwa karatasi hajaulizwa bado kama yeye mwenyewe ni mwadilifu.

Hoja nzito kuliko zote inayotetea bei ya mgeni ni ile ya utajiri: mgeni wa kizungu ana uwezo, nauli yake ya ndege pekee inaweza kuzidi mapato ya muuza nyanya kwa miezi mingi, kwa hiyo kumtoza zaidi ni kusawazisha kidogo mambo ambayo dunia imeyapotosha. Hoja hii haipaswi kuchekwa, kwa sababu pengo linalosemwa lipo na ni la dhuluma. Udhaifu wake ni kwamba huchukua mali bila kumpa mwenyewe nafasi ya kutoa, na hivyo humnyima thawabu ya sadaka na heshima ya kuchangia. Tena haibagui vizuri, maana bei ya kutojua humwangukia pia bibi aliyetoka kijiji cha mbali kuja mjini mara moja baada ya mavuno, ambaye hana nauli ya ndege.

Zaidi ya yote, watu wa Simiyu wanaijua dhuluma hii kutoka upande wa pili. Wakulima wa pamba wa Usukuma, eneo la Wasukuma ambalo Simiyu ni sehemu yake, waliuza kwa miaka mingi chini ya mizani iliyosomwa na mnunuzi, na mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakiongozwa na watu kama Paul Bomani, walianza kuweka wapimaji wao wenyewe vituoni. Kutokana na harakati hizo lilizaliwa mwaka 1955 shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lenye makao yake Mwanza. Kipimo kilipatikana, lakini bei ilibaki mbali: hata katika msimu wa 2019, serikali ilipotangaza bei elekezi ya shilingi 1,200 kwa kilo, soko la dunia ndilo lililoamua kama wanunuzi wangeimudu. Mkulima wa wilaya ya Itilima, akiwa shambani kwake mwenyewe, ni mgeni katika soko la pamba. Mtume Muhammad alikataza watu kuwaendea wenye misafara njiani na kununua mizigo yao kabla hawajafika sokoni wakazijua bei, na katazo hilo linamhusu moja kwa moja mlanguzi anayefuata dengu kijijini kabla habari za bei hazijamfikia mkulima.

Mgeni naye ana deni lake. Methali aliyoipenda Julius Nyerere husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mwalimu aliyekwisha kushika chaki amekwisha kushika jembe. Hawezi kudai bei ya mwenyeji huku akikataa kujifunza salamu, bei na adabu ya kupatana, wala haimpasi kuishindilia chini bei ya fungu la nyanya hadi muuzaji akose mtaji wa kesho. Akikaa vizuri na watu ataanza kupata nyongeza, yaani kile kiganja kimoja ambacho muuzaji huongeza juu ya kipimo kilichokwisha timia, na ambacho hakidaiwi kwa kuwa ni zawadi. Kinyume chake kabisa ni lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu ya mdomo wake hadi likapita ujazo halali, ambalo sheria ya vipimo inalikataza na bado wanunuzi wengi hulidai kama desturi. Mnunuzi wa lumbesa huchukua kwa nguvu kile ambacho mama wa michembe humwongezea mwalimu kwa hiari, na kwa kuwa mkulima hana mahali pengine pa kupeleka mzigo wake jioni hiyo, kukubali kwake huhesabiwa kuwa ridhaa. Wanazuoni wa fiqhi waliochukia mauziano ya mtu aliyebanwa na dhiki walikuwa wakiikataa hesabu hiyo hiyo.