Hakimu kama Msomaji: Tafakuri juu ya Adhabu ya Kumiliki Picha Chafu

Mhakiki wa fasihi nchini Kenya amezoea kusimama upande wa mshtakiwa, na ana sababu. Mwaka 1969 Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu kwa ajili ya kijikaratasi chake, Kenya: Twendapi? Mwaka 1982 Maina wa Kinyatti, mwanahistoria, alihukumiwa kifungo cha miaka sita, si kwa kuandika bali kwa kupatikana na andiko ambalo serikali ililiita la uchochezi. Kwingineko, London mwaka 1960, walimu wa fasihi walitoa ushahidi mahakamani kuitetea riwaya ya D. H. Lawrence, Lady Chatterley's Lover, na wachapishaji wake wakaachiliwa. Kutokana na historia kama hii tumejijengea msimamo ambao hatuuhoji tena: kwamba mtu asiadhibiwe kwa kilichomo katika rafu yake ya vitabu.

Makala haya yanakusudia kuuhoji msimamo huo mahali pamoja tu, yaani pale ambapo kilichomo rafuni, au siku hizi katika kompyuta, ni picha ya mtoto aliyedhulumiwa kimapenzi. Tungependa kudai kwamba hapa utetezi wetu wa kawaida haufai kitu, na kwamba mahakama nazo, zinapopima adhabu, aghalabu hupima kitu kisichostahili kuwa kipimo.

Tuanze na neno lenyewe. Sheria ya Kiingereza, ambayo ndiyo mzazi wa Kanuni yetu ya Adhabu, ilipata kipimo chake cha uchafu katika shauri la Hicklin la mwaka 1868. Jaji Mkuu Cockburn aliuliza iwapo maandishi yana mwelekeo wa kuzipotosha na kuziharibu akili za wale wanaoweza kuathirika nayo. Hiyo ni nadharia ya upokezi, tena nadharia duni, kwani inamchukulia msomaji kama chungu kitupu kinachosubiri kumiminiwa sumu. Kifungu cha 181 cha Kanuni yetu kimetoka katika ukoo huo. Kinamtisha mwenye maandishi machafu kwa kifungo cha miaka miwili au faini ya shilingi 7,500, lakini kwa sharti kwamba awe nayo kwa nia ya kuyauza, kuyasambaza au kuyaonyesha hadharani. Anayejisomea peke yake chumbani hakumhusu. Katika mantiki ya Hicklin hilo linaeleweka: kinacholindwa ni akili ya msomaji mwingine.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuata njia inayokaribiana na hiyo mwaka 1969 ilipoamua kuwa mtu hawezi kuadhibiwa kwa kuwa na maandishi au picha chafu nyumbani kwake. Miaka 21 baadaye, mwaka 1990, mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba anayemiliki picha chafu za watoto anaweza kuadhibiwa hata kama hajatoka nyumbani. Je, ilijipinga? Hatudhani. Katika shauri la kwanza madhara yalikuwa ni dhana juu ya akili ya mtazamaji. Katika la pili madhara yalikwisha kutendeka kabla ya mtazamaji kuwako. Riwaya inayosimulia mtoto kunajisiwa haina mtoto ndani yake, ina maneno. Picha ina mtoto, naye hawezi kutoka.

Kiswahili kinaweza kutusaidia hapa kuliko istilahi za wanasheria. Tunaposema "picha chafu" uchafu unabaki kuwa sifa ya kitu, na labda doa kwa anayekishika. Lakini tuna msemo mwingine: kumvua mtu nguo. Kitenzi hicho hakisimami bila kiambishi cha yambwa. Lazima awepo anayevuliwa. Ni ajabu kidogo kwamba sisi tuliofundisha sarufi kwa miaka mingi hatukuliona jambo hilo mapema.

Sasa tuangalie jinsi hakimu anavyosoma. Mwongozo wa hukumu ulioanza kutumika Uingereza mwaka 2014 unazigawa picha hizi katika makundi matatu, A, B na C, kwa kufuata kitendo kinachoonyeshwa. Kwa anayemiliki picha za kundi A, hesabu huanzia kifungo cha mwaka mmoja; kwa aliyezitengeneza, miaka sita. Huu ni uainishaji wa tanzu. Lazima mtu aketi, atazame, apange. Hatuubezi, kwa kuwa bila ngazi kila hakimu angehukumu kwa kiasi cha kichefuchefu chake. Ila umri wa mtoto na maumivu yanayoonekana usoni pake huingia baadaye, kama sababu za kuongeza adhabu. Yambwa amefanywa kielezi.

Shauri lililoamuliwa Marekani mwaka 2014 lilikuwa na ujasiri zaidi. Mwanamke ambaye picha za kudhulumiwa kwake utotoni zilikuwa zimesambaa kwa maelfu ya watu alimdai fidia ya takriban dola milioni 3.4 mtu aliyepatikana na picha zake mbili. Mahakama ilisema mtu huyo alipe sehemu inayolingana na mchango wake katika madhara: si deni lote, wala si kiasi cha kujionyesha tu. Namna ya kuipata sehemu hiyo haikuelezwa kwa usahihi, na wapo majaji walioipinga hukumu. Hata hivyo swali lililoulizwa lilikuwa ndilo: huyu anamwia nani?

Sheria yetu ya Makosa ya Kimapenzi ya mwaka 2006 iliweka kiwango cha chini cha miaka sita au faini ya shilingi 500,000, au vyote viwili. Hilo "au" la kwanza linatusumbua. Mwenye fedha hulipa, tena huilipa serikali, si aliyevuliwa nguo. Sheria hiyo hiyo iliyaondoa katika kosa machapisho yanayothibitishwa kuwa kwa manufaa ya sayansi, fasihi na elimu. Ina maana kwamba siku moja mwenzetu ataitwa kutoa ushahidi. Tunahofia kwamba, kwa mazoea ya 1960 na 1982, atazungumzia fani kabla ya kuuliza kama ndani ya ukurasa kuna mtu.

Kipimo chetu kina gharama yake. Tangu sheria ya mwaka 2009, Uingereza humwadhibu hata anayemiliki michoro ya aina hii, kwa kifungo kisichozidi miaka mitatu, ingawa hakuna mtoto aliyechorwa. Kwa hoja yetu, hapo mahakama imemrudia Cockburn, nasi tungelazimika kumtetea mtu ambaye tusingependa kuketi naye. Lakini sura ya mtoto halisi ikibandikwa kwa kompyuta juu ya mwili wa kubuni, mtoto huyo yupo, ana jina, na huenda yuko darasani asubuhi hii.