Sindano ya Nafuu ni Amana



Ndugu zangu Waislamu, leo tuzungumze jambo ambalo mimbari zetu haziligusi: mgonjwa wa moyo aliyelala mezani, na nesi aliyesimama kichwani pake na sindano.

Zamani mgonjwa wa moyo hapa Tanzania alikuwa akingoja rufaa ya kwenda India. Tangu 2015 tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na maneno "upasuaji wa tundu dogo" yameshaingia majumbani mwetu. Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono au wa kinena mpaka kwenye moyo. Mara nyingi mgonjwa halazwi usingizi mzito. Hupigwa ganzi pale mrija unapoingilia na, akihitaji, daktari huagiza apewe midazolamu ya kumlegeza na fentanili ya kumwondolea maumivu. Husinzia, lakini akiitwa huitika. Macho ya daktari yako kwenye skrini. Macho ya muuguzi yako kwa mja wa Allah: anavutaje pumzi, presha ikoje, kile kifaa cha kidoleni kinasoma oksijeni kiasi gani.

Sasa wapo wanaouliza: sheikh, si bora nivumilie tu, nimtaje Mola wangu kwa akili timamu? Hutolewa mfano wa Urwa bin Zubayr, mwanachuoni wa kizazi cha baada ya masahaba, ambaye imesimuliwa kwamba alikatwa mguu akakataa kinywaji cha kumpoteza akili. Cheo cha Urwa hatukifikii, na alichokifanya hakikuwekwa kuwa sheria juu ya watu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria na ambaye vitabu vyake sisi wa madhehebu ya Shafii tunawasomesha watoto wetu, ameigusa mas'ala hii katika Rawdhat al-Talibin: mtu ana mkono unaooza, haukatiki mpaka aondolewe akili kwanza. Akasema kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba inajuzu. Na wewe hupotezwi hata hiyo akili yote, unasinzishwa tu. Tena maumivu na hofu hupandisha presha na kuyakimbiza mapigo, na moyo ndio huo huo unaoumwa. Kujikaza mbele ya watu usiite subira.

Lakini dawa hii ina sharti, na hapa ndipo tunapoharibu. Sharti lake ni ukweli.

Muuguzi anakuuliza: unatumia nini? Unajibu, situmii kitu. Kumbe mirungi kila jioni, au pombe ya kujificha, au vidonge vya usingizi ulivyopewa na shemeji. Unaona haya, kwa sababu nesi mwenyewe ni binti wa jirani na kila Ijumaa baba yake anakaa safu moja nawe. Ndugu yangu, aliyezoea vitu hivyo huenda mwili wake usiipokee dawa kama wengine. Kipimo kikikosewa, pumzi hupungua, na zinaweza kukatika. Kumwambia tabibu siyo kujitangaza kwa watu. Na yeye, siri ile ni haramu kuitoa nje ya kazi yake. Hali kadhalika chakula. Umeambiwa usile, ukapitia chai na andazi kisirisiri. Ukitapika ukiwa umesinzia, matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Hiyo ni kama saumu: anayekuona ni Allah peke yake, ila hii kaffara yake huenda ikawa roho yako.

Nanyi wauguzi. Tukisoma Suratul Mutaffifin, sura ya wanaopunja vipimo, tunamfikiria muuza mchele. Fentanili hupimwa kwa maikrogramu, na gramu moja ina maikrogramu milioni 1. Mizani gani sokoni inafika huko? Anayempunja mgonjwa ili kinachobaki kipotee mfukoni, sura ile inamhusu kuliko yule wa dukani. Ndiyo maana dawa hizi hufungiwa kabatini, zikaandikwa daftarini, na kinachobaki humwagwa mbele ya shahidi. Msione ni kusumbuliwa. Tena Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo atabeba dhamana ya madhara. Kama hujafunzwa kumsinzisha mtu na kumrudisha, na naloksoni na flumazenili, dawa za kumzindua, haziko karibu, kataa.

Nanyi jamaa, mgonjwa akitoka, msimkurupushe. Aliyepitishwa mrija kinenani hulala saa kadhaa mguu ukiwa umenyooka. Asiinuke kwenda kusujudu damu ikamfumuka. Akizindukana vizuri aswali kwa ishara, na udhu autie upya, au atayamamu akishindwa maji. Asiendeshe gari siku ile. Na tafadhali, msimpelekee karatasi za shamba atie sahihi. Tunajuana.

Wewe mwenye miadi wiki ijayo: taja meno ya bandia, sema kama unakoroma sana, beba dawa zako zote, na ile chupa ya mitishamba pia, umwonyeshe muuguzi. Na wewe muuguzi unayenisikia, hata ukiwa nyuma ya pazia upande wa kina mama: ukimwona mgonjwa amekunja uso mezani, usimwambie avumilie. Tazama pumzi zake, mwambie daktari, mpe haki yake.