Glasi Kama Rehani

Oktoba huingia Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, ndani ya mabale. Vuli inakaribia, asubuhi zina baridi, matope yanaanza kando ya Mto Nairobi, na wauzaji wanatafuta majaketi, sweta na mabuti kwa kuwa ndiyo mali itakayotoka. Bale likikatwa kamba, kati ya makoti ya sufu huanguka wakati mwingine kofia ndefu ya mchawi, au nguo nyeusi yenye mifupa iliyochorwa kifuani, masalia ya Halloween ya mtoto wa mbali. Sikukuu za watu wa kaskazini hutufikia hivyo, zikiwa zimekwisha kuvaliwa. Zetu ni nyingine. Oktoba ina siku mbili za mapumziko ya taifa, tarehe 10 na tarehe 20, na hiyo ya pili, Mashujaa, iliitwa Siku ya Kenyatta hadi katiba ya 2010 ilipobadilisha jina. Tarehe 12 Desemba ni Jamhuri, kisha Krismasi. Katikati ya hizo vyama hugawana akiba ya mwaka, biashara ya nguo hupanda, watu hujiandaa kwenda ushago, na kila Ijumaa kuna mtu anayechangisha hela za mzinga wa pombe.

Kwa kijana wa miaka 20 na kitu asiyekunywa, hiyo ndiyo miezi migumu. Ugumu wenyewe tumezoea kuupita haraka. Wazazi wanasema ni marafiki wabaya, wahubiri wanasema ni tamaa ya mwili, na wote wawili wanadhani kinachomvuta kijana ni kilevi chenyewe. Lakini kaa naye mezani utazame. Hakuna anayemsifia ladha. Anaambiwa, "Buda, kwani unatuona aje?" Lalamiko hilo linahusu uhusiano; pombe haimo ndani yake hata kidogo.

Ajabu ni kwamba kukataa kwenyewe hakumuudhi mtu kila mara. Muislamu wa Majengo, hatua chache kutoka sokoni, akiagiza soda hakuna anayemuuliza chochote. Mlokole atataniwa kidogo kisha ataachwa. Anayesema "niko kwa dawa" anapewa pole, hata kama dawa hazipo. Anayesumbuliwa ni yule anayesema tu kwamba hanywi, bila dini, bila ugonjwa, bila gari la kuendesha. Wala asiyekula matumbo hasumbuliwi hivyo. Kwa nini uamuzi huu mmoja, wa mtu juu ya mwili wake mwenyewe, udaiwe sababu?

Nadhani jibu liko katika namna Gikomba yenyewe inavyoishi. Soko hili linakwenda kwa kuaminiana kuliko kwa karatasi. Mtu anachukua nguo leo alipe akishauza. Mwenye mkokoteni anatangulia na mzigo wako katikati ya umati, nawe unamfuata kwa macho tu hadi unapompoteza. Moto ukizuka, kama ule wa alfajiri ya 28 Juni 2018 uliowaua watu 15, jirani ndiye anayekuita au asiyekuita. Mahali kama hapo kumjua mwenzako ni sehemu ya mtaji, na njia moja ya haraka ya kumjua ni kulewa naye. Nikilewa mbele yako nimekukabidhi kitu: umeniona nikilia, umenisikia nikimtaja niliyemkosa, unajua nilichosema juu ya baba yangu. Nawe umenikabidhi cha kwako. Sasa kila mmoja anashika rehani ya mwenzake, na tunaweza kuendelea.

Asiyekunywa anachukua rehani za wote bila kuweka yake. Hilo ndilo linalowasha meza. Mwanafalsafa Immanuel Kant, aliyeishi maisha yake yote mbali sana na keg na muratina, aliliona vizuri katika kitabu chake juu ya tabia za binadamu kilichotoka mwaka 1798: kinywaji hufungua mioyo, na anayebaki mkavu kati ya wanywaji anachukiza kwa sababu anatazama makosa ya wengine huku ya kwake akiyafunika. Mimi ninawapenda vijana wasiokunywa, na ninaona shtaka hilo lina ukweli ndani yake. Kuna utimamu wa majivuno, wa kijana anayekaa na simu mkononi akirekodi wenzake wakianguka. Huyo wanastahili kumwogopa.

Lakini rehani yenyewe haikuwekwa na vijana zamani. Kwa Wagikuyu njohi, pombe ya jadi, ilikuwa ya wazee, na ilimwagwa na kunywewa pale ambapo kulikuwa na jambo la kufungwa: mahari, upatanisho, baraka. Kijana alithibitishwa kwa njia nyingine, kwa jando, kwa kazi, kwa rika lake. Plato naye, katika mazungumzo yake yaitwayo *Sheria*, anataka aliye chini ya miaka 18 asionje divai kabisa, na hadi 30 anywe kwa kiasi bila kulewa. Ulegevu wa mvinyo anauachia aliyefikia 40, ambaye uzee unaanza kumkausha. Humo humo anasema msimamizi wa karamu ya ulevi lazima awe mtu asiyelewa. Kwake mtu mkavu si mpelelezi wa karamu. Ana kiti chake, na pasipo yeye karamu haina mwenyewe.

Kiti hicho kilipotelea wapi kwetu? Sehemu ya jibu iko Pumwani, mtaa huu huu wa Gikomba na Majengo. Katika miaka ya 1920 halmashauri ya mji wa Nairobi ilijipa haki ya peke yake ya kuwauzia Waafrika pombe katika ukumbi wake, na faida ikatumika kugharimia huduma za hao hao Waafrika. Bia ya chupa ya Wazungu walikatazwa hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ukumbini humo hukuhitaji kuwa mzee, wala kuwa na jambo la kufunga na mtu. Ulihitaji senti. Siwezi kuwalaumu waliokwenda. Walikuwa wanaume wa kazi, mbali na kwao, na hapakuwa na pahali pengi pa kukaa. Ila tangu hapo glasi imekuwa rehani isiyo na mapatano nyuma yake. Tunaweka rehani, tunabadilishana, na asubuhi hakuna anayekumbuka tulikuwa tunadhaminiana nini.

Na kuna usiku ambapo rehani hairudi. Novemba 2000, msimu huu huu, pombe ya kumi kumi yenye metanoli iliua zaidi ya watu 100 Mukuru na mitaa jirani, na wengine ikawaacha vipofu. Walikunywa walichopewa wakikiamini. Imani ile ile inayoliendesha soko ndiyo iliyobeba kikombe hadi mdomoni. Februari 2024 yalijirudia Kirinyaga, watu wasiopungua 17.

Serikali inajibu kwa umri na saa. Sheria ya vileo ya 2010, iitwayo Sheria ya Mututho, iliweka miaka 18 na kuzibana baa katika siku za kazi zifunguliwe kati ya saa kumi na moja jioni na saa tano usiku. Sera mpya iliyozinduliwa Julai 2025 inapendekeza miaka 21. Ninaiunga mkono. Lakini sheria inamlinda kijana mlangoni, haimwambii la kufanya akishaketi. Takwimu moja ingemsaidia zaidi: uchunguzi wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, uliona kwamba kati ya Wakenya wa miaka 15 hadi 65, anayekunywa ni mmoja kati ya wanane. Wasiokunywa ndio wengi, tena kwa mbali. Kijana anayejiona kituko mezani ni raia wa kawaida aliyeketi katika kona isiyo ya kawaida.

Hata hivyo wingi hauondoi deni. Wenzake wanataka kitu kutoka kwake, na nadhani wana haki ya kukitaka. Wamekosea tu sarafu. Ushauri wa kawaida ni kwamba asiyekunywa awe mlinzi: ashike simu na pochi za watu, awaitie boda, amsindikize aliyezima hadi mlangoni. Hizo ni fadhila kubwa. Lakini zikigeuka kazi yake ya kudumu, kijana anakuwa askari wa sherehe za wengine, na bado hajajulikana. Hajaweka chochote.

Anachoweza kuweka ni kizito zaidi. Acheze mapema, kabla taa hazijapunguzwa, akijua anaonekana. Aseme kwa ulimi mkavu kile wenzake wanachongoja glasi ya nne ndipo wakiseme: kwamba biashara imemwendea vibaya, kwamba anaogopa kurudi ushago mikono mitupu, kwamba anampenda fulani, kwamba ndugu yake aliharibiwa na chang'aa na ndiyo sababu. Au kwamba hakuna sababu. Shtaka la Kant linaanguka hapo, kwa sababu aliyefunguka hana tena alichoficha. Tena amefunguka akijua anachokitoa na anamtolea nani, wakati mlevi ametoa asichokihesabu.

Simwambii hivyo aliyetoka juzi kwenye matibabu ya uraibu. Kwake glasi moja inaweza kuangusha kila alichojenga, na mahali pake Oktoba na Desemba ni pengine kabisa: mkutano wa wanaopona, nyumbani kwa dada, ibadani, kibandani akiuza hadi giza. Rafiki anayemdai huyo aje mezani "kidogo tu" hamdai rehani. Anamnyang'anya.

Wanywaji nao wanadaiwa, ingawa hatuwaulizi. Ijumaa usiku mmoja alikumbatia wenzake akaapa kwamba wao ni ndugu, kwamba duka likipata shida yeye yupo. Jumatatu alfajiri bale linakatwa, mwenzake ameangukia mali mbovu na anahitaji kukopeshwa hadi mwisho wa wiki. Neno la Ijumaa halishiki hapo mpaka mwenyewe alirudie akiwa timamu, mbele ya yule yule aliyekunywa soda akalisikia lote.