Mama wa mtoto mlemavu apewe mtaji, si sarafu za Ijumaa



Ndugu zangu Waislamu, riziki ya watu wengi wa Ujiji inatoka ziwani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mchuuzi anayetaka mzigo mzuri hana budi kuwahi mwaloni alfajiri, mitumbwi inaporudi. Je, mama mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo, asiyeweza kukaa wala kujilisha, atamwachia nani saa hiyo?

Mama wa namna hii hulazimika kubuni biashara ya kukaa nayo nyumbani. Kigoma ni nchi ya michikichi. Akipata mawese, magadi na sufuria, atapika sabuni uani mtoto akiwa amelala, aikate miche na kuiuza barazani. Ulemavu wa mwanawe ndio uliomfundisha biashara hiyo. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa mtu kuchukua kamba yake akatafuta kuni na kuziuza ni bora kuliko kuomba watu, wampe au wamnyime.

Lakini sisi tunamfanyia nini? Wapo wanaonong'ona kuwa mtoto yule ni mkosi, au kwamba mama analipia dhambi zake. Haya ni maneno ya kijahili. Ndani ya Surat Abasa, Allah (SW) alimkumbusha Mtume wake kwa ajili ya kipofu mmoja, Abdullah bin Ummi Maktum. Zingatieni, sahaba huyu anajulikana hadi leo kwa jina la mama yake. Alikuwa muadhini pamoja na Bilal, na Mtume (SAW) alipotoka safarini alipata kumwachia usimamizi wa Madina. Leo, je, mtoto kipofu wa mtaani kwetu tunamwandalia nafasi gani zaidi ya kukaa mlangoni mwa msikiti na kopo?

Zaka zetu nazo tuzitazame. Tumezoea kugawa kilo mbili za mchele na noti moja, na mwezi ukiisha maskini ni yule yule. Ilhali wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, akiwemo Imamu Nawawi katika Al-Majmuu, wameeleza kuwa maskini mwenye ufundi hupewa cha kununulia vyombo vya kazi yake, na mfanyabiashara hupewa mtaji. Basi fedha za kununulia sufuria kubwa na madumu ya mawese ni zaka halali kwa mama huyu akiwa fakiri au maskini.

Aidha, tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Kamati za misikiti ziwasaidie kina mama hawa kuunda vikundi na kujaza fomu. Muislamu anayeogopa riba ana kisingizio gani hapo?

Na sisi wanunuzi, tununue sabuni yake bila kumpunja bei. Mabinti wa jirani wamshikie mtoto saa moja, apate kwenda sokoni.

Allah atuwafikishe, na azitie baraka riziki za wazazi hawa. Amin.