Boti ya Faiba Nayo Yataka Mkono

Ufukweni Kilwa Kivinje, maji yakitoka, vyombo hulala ubavu mchangani: madau, mashua na, siku hizi, boti za faiba. Hizi za mwisho ndizo zinazotia uchungu. Zilikuja zikimeremeta, leo ukiipapasa iliyozeeka, kiganja kinatoka na vumbi jeupe kama chaki.

Vumbi hilo si uchafu. Ni boti yenyewe inaisha.

Juu ya faiba kuna tabaka gumu la utomvu uliotiwa rangi, jelikoti, lenye unene wa karibu nusu milimita tu. Mionzi ya jua huuvunjavunja utomvu huo mwaka hadi mwaka, rangi ikapauka na uso ukawa na vitundu visivyoonekana. Dawa yake yataka subira: kuosha kwa maji baridi chumvi itoke, kusugua kwa msasa laini huku ukilowesha mpaka tabaka lililokufa liishe, kung'arisha kwa dawa ya kusugulia, ndipo ipakwe nta ya kukinga jua. Wengi huharakia rangi mpya juu ya vumbi, nayo hubanduka upesi. Anayesugua naye awe na kiasi, kwani akipitiliza anaigusa faiba na maji yanaanza kupenya.

Wazee wa pwani hii wasingeshangaa. Chombo cha mbao hakimwachi mwenyewe azembee: pamba ikilegea kwenye maungio, ngama inajaa maji, deheni ikiisha chini, wadudu wa baharini wanatoboa mbao. Kwa hiyo watu walilisubiri bamvua, ambalo Kilwa hupandisha maji zaidi ya mita tatu. Chombo kiliegeshwa yakiwa yamejaa, na yakitoka kazi ilianza. Walikwangua, wakababua kwa moto wa makuti, wakakalafati, wakapaka deheni ya chokaa na shahamu chini, na sifa ya papa ubavuni. Nahodha alifanya kazi pamoja na mabaharia wake, na vijana walijifunza kwa kushika. Ni elimu ya kale katika Bahari ya Hindi. Karne ya 13 Marco Polo alieleza vyombo vya Hormuz vilivyopakwa mafuta ya samaki.

Faiba, kinyume chake, husamehe. Hutelekezwa miaka na bado inaelea, na nidhamu ile ya bamvua imepotelea humo. Ni hasara kubwa kuliko ya rangi, maana boti nyingine ni za mkopo, na mkopo haupungui kwa kuwa boti imechakaa.

Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko. Boti zaidi zitakuja. Halmashauri na vyama vya wavuvi vitenge mahali pa kuzipandisha na kuzihudumia, na mafundi wa kalafati wa Kivinje na Lindi waitwe wawafundishe vijana kazi ya matunzo, wangali na nguvu.