Kushonwa Ukope: Ni Dawa au Ni Kubadili Maumbile?

Tumeulizwa na baadhi ya watu wa mji huu: Je, yamfalia Muislamu kupasuliwa ukope wake na daktari, ukageuzwa na kushonwa upya, ilhali Mwenyezi Mungu ametuhadharisha na kuyabadili maumbile yake? Aliyeuliza amefanya vyema. Wengi huona haya kuuliza, wakakaa na maradhi mpaka jicho likapofuka, nao wakidhani kuwa huo ndio uchaji Mungu.

Kwanza yatakikana tuyajue maradhi yenyewe. Uko ugonjwa wa vikope, ambao madaktari huuita trakoma. Vijidudu vyake huchukuliwa na mikono, na vitambaa vya kupangusia uso, na nzi. Mtu akiambukizwa mara nyingi tangu utotoni, ukope hufanya kovu upande wa ndani. Kovu likauvuta, ukope ukapinduka, na nywele zake zikawa zakwaruza kioo cha jicho kila apepesapo. Hatima yake ni upofu. Hapa Kenya umewasibu zaidi watu wa Turkana, Marsabit, Narok na Kajiado. Ukope ukishapinduka hivyo, dawa yake ni kupasuliwa na kushonwa ili nywele zitazame nje. Jirani zetu wa Oman waliupiga vita kwa usafi, dawa na upasuaji, hata mwaka 2012 Shirika la Afya Ulimwenguni likathibitisha kuwa wao ndio wa kwanza kuuondoa usiwe tena tatizo la umma.

Wako pia watoto wazaliwao na ukope ulioanguka ukaifunika mboni. Mtoto huyo asipotibiwa mapema, jicho lake huweza kuzoea kutoona. Na wazee wake humfanyani? Humvika hirizi na kumnywesha kombe, wakisema ni jicho la hasidi. La haula! Hirizi haijapata kuunyanyua ukope.

Ama hukumu yake, Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu. Na Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab, alijitengenezea pua ya fedha, ikaoza harufu; Mtume akamwamrisha aweke ya dhahabu. Tazameni, ndugu: dhahabu ni haramu kwa wanaume, lakini kwa kuutengeneza uso ulioharibika iliruhusiwa. Basi itakuwaje haramu sindano na uzi?

Na hadithi ya Ibn Mas'ud, yenye kuwalaani wenye kuchanja ngozi, na kunyofoa nyusi, na kutia mianya baina ya meno, imefungamanishwa na kutaka uzuri. Imamu Nawawi ameeleza kuwa afanyaye kwa matibabu, au kwa kuondoa aibu katika jino, hana ubaya. Kwa hivyo aliyeungua moto usoni, au aliyeumizwa na gari, au mzee ambaye ngozi ya kope imemshukia hata haoni njia, wote hao wana ruhusa. Hivyo ndivyo walivyoafikiana wanavyuoni wa Baraza la Fiqhi la Kiislamu walipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007; na wakamkataza asiye na dosari wala dhara, atakaye kujigeuza sura tu.

Wala upasuaji huu si uzushi wa Wazungu. Az-Zahrawi wa Andalusia aliueleza katika kitabu chake yapata miaka elfu iliyopita, na Ali bin Isa wa Baghdad akatunga kitabu kizima cha maradhi ya macho. Sisi tumeacha elimu yao, tukashika makombe.

Lakini mwenye macho mazima, akatwaye kope ili aonekane kijana, huyo hana udhuru. Na wale wabandikao kope za bandia kwa gundi, nao waangalie udhu wao, kwani maji hayafiki kwenye mashina ya nywele.

Aliyeshonwa asilazimishwe kulowesha jeraha. Zama za Mtume, mtu aliyejeruhiwa kichwa aliambiwa na wenzake kuwa hana ruhusa ya kutayamamu. Akaoga, akafa, na Mtume akawakasirikia mno. Mgonjwa huyu ataosha palipo pazima, atapangusa juu ya bandeji, na kwa madhehebu yetu ya Shafii ataongeza tayamamu. Daktari akimkataza kuinama, atasali ameketi au amesimama, na sijida ataiashiria kwa kichwa kadiri awezavyo.