Una Pesa Zako, Mwanangu, Una Nani?

Kaa hapa, mwanangu. Sitakupandishia sauti, kifua changu siku hizi hakina pumzi ya kugombana na mtu, na neno lenyewe nimelisema mara nyingi hadi wajukuu hulimalizia kabla yangu. Umesema mbele ya wenzako kwamba huna haja ya mtu. Una depo yako, una kiwanja kwa jina lako, pesa zako ziko kwenye simu, na masomo ya watoto unayalipa mwenyewe. Hayo nayajua na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake. Kinachonichoma ni hicho ulichokibandika mwishoni: “Sina haja ya mtu.” Si wewe wa kwanza. Nalisikia neno hilo sokoni hapa Butembo, nalisikia Beni nikienda kuwaona ndugu, na wanaolisema ni mabinti wachapakazi kweli. Wavivu hawalisemi.

Kabla hujanuna, ujue sikuiti urudi chini ya mkono wa mtu. Sheria ile nimeishi chini yake. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, enzi za Mobutu, ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kisheria kwa kazi yake mwenyewe. Ukitaka mkopo, ukitaka kutia sahihi mkataba, swali la kwanza lilikuwa: mume wako yuko wapi? Mama aliyeuza mafuta ya mawese tangu ujana, anayejua bei ya bidoni kutoka Beni hadi Kasindi, alirudishwa nyumbani akamlete mwanamume ambaye hajawahi kuuza hata kiberiti. Ruhusa hiyo iliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Hesabu miaka hiyo mwenyewe. Na hata sheria hiyo mpya ilimwacha mume kuwa mkuu wa nyumba.

Mkono mtupu haulambwi, na sisi wa umri wangu tuliinyoosha hiyo mitupu hadi tukachoka. Kwa hiyo kiwanja kiendelee kuwa kwa jina lako. Namba ya siri ya simu usimpe mtu, hata akuimbie wimbo. Na wazee wenzangu wanaokuambia “mtu ni watu” ili tu urudi kwa mwanamume anayekupiga, waambie mimi nimekataa. Huko si kufundisha umoja, ni kutafuta mtu wa kuwapunguzia aibu ya ukoo.

Lakini ruhusa ni kitu kimoja na watu ni kitu kingine. Ninyi mmetoka kwenye ruhusa mkatoka na kwenye watu, kana kwamba ni mlango mmoja.

Hebu kumbuka mtaji wako wa kwanza ulitoka wapi. Benki haikukujua. Ulitoka kwenye lile kasha la chuma la avec, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, akina mama wakikutana uani kwa mwenzao, kila mmoja na kijitabu chake. Kasha lina kufuli tatu. Funguo tatu ziko kwa wanawake watatu, na anayelala na kasha nyumbani kwake hana hata mmoja. Siku ya kikao pesa zinahesabiwa kwa sauti, mbele ya wote; ukinunua hisa, muhuri unapigwa katika kijitabu chako, yule mama asiyejua kusoma akahesabu mihuri kwa kidole na asiweze kudanganywa. Kando kuna mfuko wa kusaidiana, franka chache kwa kila mtu, wa ugonjwa na kilio. Pesa iliyo mle ndani ni yako, mumeo hawezi kuigusa. Ila na wewe peke yako huwezi kuifungua. Walikukopesha bila rehani, kwa sababu wanamjua mama yako na wanajua unalala wapi. Ukaenda Kasindi na mkopo huo, ukarudi na mzigo wa kwanza. Leo unasema ulianza peke yako?

Kabla ya avec kulikuwa na likelemba, na bado ipo: leo zamu yangu, mwezi ujao yako. Mji huu wenyewe uliinuka kwa namna hiyo. Kinshasa iko mbali na serikali ilikuwa mbali zaidi, lakini wafanyabiashara wetu Wanande waliaminiana hadi kontena moja kutoka Dubai au Guangzhou ikabeba mali ya watu wengi. Wageni hupenda kutusifu kwamba Butembo ni mji wa watu wanaojitegemea. Ni kweli, lakini hawajaona nani alimdhamini nani. Hata majina yetu yanatusuta: akiitwa Masika, akiitwa Paluku, Kambale au Kasereka, aliyesikia anajua alizaliwa wa ngapi. Tumehesabiwa pamoja na wengine tangu siku ya kwanza.

Halafu naona Ebola mmeisahau upesi. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kutoka Mangina pale, na haikutangazwa kwisha hadi tarehe 25 Juni 2020. Watu 2,287 walikufa. Zaidi ya nusu ya waliougua walikuwa wanawake, na sababu yake haihitaji daktari: ndio wanaouguza. Miezi hiyo tulilazimishwa kuishi unavyotaka kuishi wewe, kila mtu kivyake. Mikono hatukushikana. Mlangoni ndoo ya maji ya klorini, kwenye paji la uso kile kifaa cha kupima joto. Maiti ilizikwa na watu waliojifunika mwili mzima, sisi tukisimama mbali. Watu waliwarushia wazikaji hao mawe, wengine walifanya mabaya zaidi ya mawe, na siwatetei. Lakini nilielewa kilichokuwa kinawauma.

Sasa sikiliza hili. Beni na hapa Butembo, jirani na vituo vya matibabu, UNICEF ilisaidia kufungua nyumba za kulelea watoto wadogo. Mama akilazwa, mtoto wake ambaye hajaugua hakuweza kunyonya wala kupelekwa kwa shangazi, maana huenda virusi vimo ndani yake na lazima aangaliwe siku 21. Nani ampakate? Walipakatwa na wanawake waliokuwa wameugua Ebola wakapona, ambao miili yao ilikuwa na kinga. Waliwanywesha maziwa, waliwabadilisha nguo, waliwabembeleza usiku. Wengine walikuwa wamepoteza watu wao kwa ugonjwa huo huo. Mtoto hakuwa wa ukoo wao wala mama yake hawakumjua. Na yule mama kitandani, awe na depo tatu au awe muuza mihogo, alihitaji mikono ileile, na bei yake haikuandikwa popote.

Ya vita sitakaa nayo, unayajua. Tangu Oktoba 2014 watu wanachinjwa katika eneo la Beni, na wanaokimbia wengi hawakulala kambini. Walilala nyumbani kwa watu, chumba kimoja familia mbili, na mwenye kugawa sufuria alikuwa mama wa nyumba. Wengine waliopokea wageni mwaka mmoja wakawa wageni mwaka uliofuata. Na kwenye barabara ya Komanda, mwenye lori lake mwenyewe, lenye mafuta aliyoyalipia mwenyewe, amengoja msafara wa kusindikizwa na askari sawa na abiria asiye na kitu.

Tuje kwenye lililonifanya nikuite. Jirani yako alifiwa. Ulituma dola kwa simu, jina lako likaandikwa daftarini, na wewe hukuonekana. Sitaki kukudhulumu: pesa zako zilinunua unga, na unga ulihitajika. Lakini usiku ule akina mama walikaa uani kwenye mikeka, vikwembe wamejifunga hadi mabegani kwa baridi yetu hii ya milimani, wakichambua maharagwe kwa mwanga wa simu. Kitu cha saa nane mfiwa aliinuka ghafla akitaka kwenda kumwamsha marehemu. Aliyemdaka ni yule muuza makaa wa kona, ambaye wewe unapita mbele yake kila asubuhi bila salamu. Alimkumbatia wakaketi chini wote wawili, hakusema kitu.

Najua kwa nini umejifungia. Shemeji alikopa hakurudisha. Wanawake wenzako waliuliza mali umeipata kwa njia gani, na walioanza ni wale uliowalisha. Watu ni wazito, mwanangu. Nami nimewabeba muda mrefu, mgongo unajua. Lakini kumnyima mtu mkopo si dhambi. Mwambie hapana, kisha ukae naye mle alichonacho. Kosa lako ni kwamba kwa kuogopa wanaokukopa umewafungia mlango na wasiotaka chochote kwako isipokuwa kukuona. Siku utakapougua, na utaugua, simu itakuletea dawa. Haitakugeuza kitandani.

Wala sisemi uolewe tena. Hilo ni lako na Mungu wako. Nina marafiki wajane walioishi vizuri bila mwanamume, kwa sababu kila jioni kuna mtu anayepiga hodi kwao.

Basi fanya haya mawili, halafu uniache nipumzike. Jumapili baada ya misa nenda kwa yule mfiwa, bila bahasha, ukae hadi wageni wengine waondoke. Na Alhamisi avec wanakutana. Mama aliyeshika ufunguo wa tatu amehamia Oicha kwa mwanawe, wanatafuta mtu mwaminifu wa kuushika. Nimewaambia nitakuuliza wewe.